Kitabu Kabla ya Jino la Kwanza

Maktaba ya kwanza ya umma nchini Kenya haikufunguliwa Nairobi. Ilifunguliwa Mombasa mwaka 1903, ikabeba jina la Seif bin Salim wa ukoo wa liwali, na jina lake rasmi lilitaja waziwazi chumba cha kusomea bila malipo. Nairobi ilisubiri hadi 1931 kupata jengo la McMillan, nalo kwa miaka mingi lilikuwa la Wazungu peke yao. Mombasa basi ina ukongwe wake katika jambo la vitabu vya watu wote. Ila tangu enzi hizo, maktaba imefikiriwa kuwa mahali pa mtu aliyekwisha kujua kusoma: karani na gazeti lake zamani, mwanafunzi na madaftari yake sasa. Mtoto wa miezi sita kutoka Kizingo au Mji wa Kale, aliyefungwa kwa leso kifuani pa mama yake, hana nafasi katika fikra hiyo. Mimi naona ndiye wa kupewa uanachama mapema kuliko wote, na kwamba Kaunti ya Mombasa inavyo karibu vyote vinavyohitajika ili kumfikia. Kilichokosekana ni mtu wa kuviunganisha.

Tuanze na sikio. Mtoto wa Kiislamu wa mji huu huadhiniwa sikioni punde tu anapozaliwa, na siku zake arubaini za mwanzo huzipitisha akisikiliza: wageni waliokuja kumpa mzazi hongera, nyanya anayeimba huku akimkanda. Watafiti walikuja baadaye kuthibitisha kuwa sikio hilo halilali. Mwaka 1986 Anthony DeCasper na Melanie Spence, katika Chuo Kikuu cha North Carolina huko Greensboro, waliwaomba wajawazito wasome hadithi moja kwa sauti kila siku katika wiki 6 za mwisho za mimba. Watoto walipozaliwa walitiwa mdomoni chuchu ya mpira iliyounganishwa na mtambo, hivi kwamba namna ya kunyonya ndiyo iliyoamua sauti gani isikike. Wakanyonya kwa namna iliyowarudishia hadithi waliyoizoea tumboni.

Utafiti wa pili unatuhusu zaidi siku hizi. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9 wakawakutanisha na wasemaji wa Kichina, vikao 12 vya kucheza na kusomewa vitabu. Watoto wengine waliwekewa wasemaji walewale, maneno yaleyale, lakini kwenye skrini. Waliokaa na mtu walizishika sauti za Kichina. Waliotazama skrini hawakupata kitu. Kila mzazi anayempa mtoto simu ili atulie chakula kiive angefaa aujue utafiti huu, si kwa kumlaumu, bali kwa sababu hakuna aliyemwambia. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na kwamba anapokuwa ametulia mahali pamoja ni bora mlezi amsomee au amsimulie. Ujumbe huo ulitolewa Geneva. Wa kuufikisha hadi Mbaraki na Kibokoni ni nani?

Kusoma hakuanzi na alifu wala na irabu. Kiswahili kina maandishi yasiyo na hila. Mtoto akishazishika silabi anaweza kutamka karibu neno lolote lililo mbele yake. Lakini kutamka si kuelewa. Ripoti ya tathmini ya masomo ya Uwezo ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa kati ya watoto watano wa gredi ya 4 nchini Kenya, ni kama wawili tu waliomudu maandishi ya gredi ya 3. Mwalimu wa gredi ya kwanza hulaumiwa sana kwa hali hii, na lawama nyingine ni zake kweli. Hata hivyo akiba ya maneno ambayo mtoto anaingia nayo darasani huwekwa nyumbani, miaka mitano sita kabla mwalimu huyo hajamwona. Mtoto asiyewahi kusikia majina ya sehemu za jahazi, rangi zaidi ya tatu, au tofauti ya kunong'ona na kufoka, atasoma sentensi nzima bila kosa na asipate picha yoyote kichwani.

Hapo ndipo maktaba ya umma inapoingia. Haiingii kumfundisha mtoto wa miezi minane kusoma, jambo ambalo haliwezekani wala halina faida. Inaingia kumpa mlezi vitu vitatu asivyoweza kuvipata peke yake kwa urahisi: vitabu vinavyobadilishwa kila baada ya muda, mahali pa kukutana na wazazi wenzake, na namna ya kukitumia kitabu na mtoto ambaye atakitia mdomoni kabla ya kukitazama.

Nikae kidogo kwenye hilo la tatu, maana ndilo linalopuuzwa. Mtu mzima akipewa kitabu cha mtoto huanza ukurasa wa kwanza na kwenda mpaka wa mwisho, kama anayemaliza kazi. Mtoto wa miezi 10 hasomewi hivyo. Unampakata akiwa ameelekea kitabu, umwachie akishike, akigeuze juu chini, apige kiganja juu ya picha. Akitazama picha ya paka, nawe utazame, utaje paka, ulie kama paka, ungoje. Kungoja huko ndiko kazi yenyewe. Mtoto atatoa sauti, nawe utaijibu kana kwamba amesema neno. Kisha umwulize yule paka wa dirishani kwetu yuko wapi leo. Kurasa mbili zinatosha kwa siku. Hakuna hata neno moja lililochapishwa lililosomwa, na bado mtoto amejifunza kuwa picha husimama badala ya kitu, kuwa mazungumzo yana zamu, na kuwa kitabu ni mahali pa raha.

Namna hii imejaribiwa barani kwetu. Huko Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town, Zahir Vally, Lynne Murray, Mark Tomlinson na Peter Cooper walichapisha mwaka 2015 matokeo ya mafunzo ya wiki 8 kwa walezi wa watoto wa miezi 14 hadi 16: lugha ya watoto ilikua na uwezo wao wa kutuliza mawazo ukaongezeka. Karibu zaidi na sisi, vijijini Kenya, kikundi cha watafiti akiwemo Heather Knauer, Pamela Jakiela na Owen Ozier kiliwafuata walezi 357 na watoto wao 510, wa kuanzia miaka miwili hadi karibu saba. Wengine walipewa vitabu vya hadithi vilivyotungwa kufuata lugha na mazingira yao. Wengine walipewa vitabu pamoja na mafunzo ya kuzungumza na mtoto juu ya kitabu. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Mafunzo ndiyo yaliyoleta tofauti katika maneno ambayo watoto waliweza kuyatamka wenyewe. Na watoto wa walezi wasiojua kusoma walifaidika angalau sawa na watoto wa walezi wanaojua, katika baadhi ya mambo hata kuwazidi.

Natamani sentensi hiyo ya mwisho ibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya elimu ya kaunti. Kwa miaka mingi tumemwambia nyanya asiyesoma kwamba mambo ya kitabu si yake, tukamtuma jikoni. Ilhali nyanya huyo ana vitendawili, ana paukwa na anajua kumsubiri mjukuu aitikie pakawa, ana ngano za sungura na fisi alizozirithi kwa masikio. Ustadi wa kuuliza, kungoja na kuitikia anao tayari. Akipewa kitabu cha picha atakifanyia kazi vizuri kuliko msomi wa chuo kikuu anayesoma kwa haraka huku akitazama saa.

Swali linalofuata ni la wapi pa kumpata mzazi. Jibu bora nililoliona lilitoka Birmingham, Uingereza, mwaka 1992. Mradi wa Bookstart ulianza na familia 300. Maktaba za mji, shirika la Book Trust, idara ya afya na chuo kikuu walikubaliana kwamba mtoto anapopelekwa kupimwa akiwa na umri wa miezi kama tisa, mhudumu wa afya ampe mama mfuko wenye kitabu, kadi ya mashairi na mwaliko wa kujiunga na maktaba. Miaka mitatu kabla yake, 1989, madaktari wa watoto huko Boston, Marekani, walikuwa wameanzisha Reach Out and Read, wakawa wanatoa kitabu pamoja na ushauri wakati wa kumwona mtoto. Werevu wa miradi hii miwili ni mmoja: haikumsubiri mzazi aje maktaba. Ilimfuata mahali ambapo tayari anakwenda.

Mama wa Mombasa anakwenda kliniki. Anakwenda wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa ajili ya chanjo, anarudi mtoto akitimiza miezi 9 kwa chanjo ya surua na rubela, na anatakiwa arudi tena miezi 18. Mkononi ana kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto chenye mchoro wa uzito, na ndani yake mna hata maelezo ya hatua za ukuaji: lini atakaa, lini atatambaa, lini atatamka. Akifika husubiri. Anasubiri kwenye benchi pamoja na akina mama wengine ishirini au thelathini, watoto mapajani, hakuna la kufanya ila kutazama mlango wa muuguzi. Sijui saa bora kuliko hiyo kwa mkutubi mwenye jamvi na kikapu cha vitabu. Na idara ya afya nayo ina maslahi hapo. Chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18, huchukuliwa na watoto wachache kuliko ya kwanza kote nchini. Mama anayejua kuwa siku hiyo mtoto atapewa kitabu chake mwenyewe ana sababu moja zaidi ya kurudi.

Kinachonishangaza ni jinsi sheria inavyoturahisishia jambo hili. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti huduma za afya za ngazi yao, elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto, na maktaba pia. Mizani ya kumpima mtoto, darasa lake la PP1 na rafu ya vitabu vyote viko chini ya gavana mmoja na bunge moja la kaunti. Uingereza ilibidi taasisi nne zikae mezani zielewane. Sisi ni mawaziri watatu wa kaunti wanaoonana kwenye kikao kimoja cha baraza. Kikwazo kimojawapo ni kuwa matawi ya Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS, iliyoundwa kwa sheria ya 1965, yamechukua miaka mingi kukabidhiwa kaunti, na katika muda huo wote kila upande huweza kusema mtoto si wangu.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko ndani ya jengo. Ingia maktaba yoyote ya umma nchini wiki za kukaribia mitihani utaona meza zimejaa wanafunzi wanaosoma madaftari yao waliyokuja nayo. Wana haki, nyumbani hakuna meza wala utulivu. Lakini maktaba iliyogeuka ukumbi wa kujisomea hutawaliwa na ukimya, na mtoto mchanga hana ukimya wa kutoa. Mama mwenye mtoto anayelia atatazamwa mara moja tu, hatarudi tena. Tawi la Mombasa liko Barabara ya Msanifu Kombo. Kutoka Kizingo ni safari ya tuktuk, na nani atalipa nauli aende mahali atakapotazamwa vibaya? Dawa si jengo jipya. Ni asubuhi mbili kwa wiki, saa ambazo wanafunzi wako shuleni, zitangazwe kuwa za watoto wachanga. Jamvi litandikwe, viatu vibaki mlangoni, mama apate kona ya kunyonyesha kwa stara, na bawabu aelezwe mapema kwamba kelele za asubuhi hiyo zinaruhusiwa. Tamko la shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, na UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililorekebishwa mwaka 2022, linataka mazoea ya kusoma yajengwe tangu kuzaliwa. Kwa tafsiri yangu, maktaba isiyo na jamvi haijalifuata.

Kizingo kina sura yake, na mpango wowote lazima uijue. Ni mtaa wa nyumba kubwa za zamani na maghorofa mapya, wa mahakama, Ikulu ya Mombasa na Hospitali ya Aga Khan. Akina mama wengi hapa wana kazi ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 huwapa likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na baba wiki mbili. Kuanzia mwezi wa nne, mtu anayekaa na mtoto mchana kutwa ni yaya, mara nyingi msichana aliyetoka bara au Kilifi, ambaye hakuna semina ya wazazi inayomwalika. Mpango wa maktaba usiomtaja yaya kwa jina utawapita watoto wa mtaa huu. Mpeni yeye kadi ya kuazima vitabu kwa niaba ya mtoto, na mumkaribishe kwenye jamvi bila kumwuliza mwajiri wake yuko wapi. Faida ya pili iko wazi: baadhi ya wasichana hawa waliacha shule mapema, na kitabu cha mtoto ni mlango wa heshima wa kurudia kusoma.

Halafu kuna Mama Ngina. Tangu bustani ile ya ufukweni ilipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, jioni za Jumapili familia hujaa chini ya mibuyu, na mihogo ya kukaanga, na madafu, watoto wa kila umri wakitambaa kwenye leso zilizotandikwa nyasini. Hawa wanatoka Mji wa Kale, Majengo, Tudor, hata Likoni kwa feri. KNLS ilishaonyesha tangu 1996, Garissa, kwamba vitabu vinaweza kupandishwa ngamia na kupelekwa kwa watu wanaohama. Ikiwa ngamia aliweza jangwa, tuktuk moja yenye masanduku mawili ya vitabu itaweza kutoka Msanifu Kombo hadi Mama Ngina.

Hizo leso zenyewe ni chapa. Mtoto wa Mombasa hubebwa, hufunikwa na kulazwa juu ya maandishi tangu siku ya kwanza. Duka la leso la Mali ya Abdulla, Mtaa wa Biashara, lina historia ya tangu 1887, na hakuna nyumba ya Mji wa Kale isiyo na leso yenye maneno. Mkutubi anayejua kazi yake angeanza hapo: mama atandaze leso aliyokuja nayo, apitishe kidole cha mtoto chini ya maandishi pole pole, ayatamke, wenzake waitikie. Haigharimu chochote, na mama asiyejiona msomi anagundua kuwa nyumbani kwake mmejaa kurasa.

Ila leso haiwezi kuchukua nafasi ya vitabu, na vitabu vya Kiswahili vya watoto wa chini ya miaka miwili ni haba mno. Vya shule vipo. Wachapishaji huchapisha kinachonunuliwa na Wizara, na Wizara hainunulii watoto wachanga. Mzazi wa Kizingo mwenye uwezo hununua vitabu vya kurasa ngumu vya Kiingereza, vyenye theluji na tufaha na mabasi mekundu. Tangu 2014 mradi wa African Storybook umeweka hadithi nyingi za Kiswahili ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzichapisha, na hiyo ni neema kwa watoto wa miaka mitatu kwenda juu. Kwa wa chini yake inatosha kamera nzuri na kadi ngumu: feri, dafu, mkokoteni, paka wa Mji wa Kale, ngalawa, mbuyu, uso wa nyanya. Kurasa kumi, neno moja kila ukurasa. Kazi hiyo inaweza kufanyika papa hapa, na wachapaji wa mji huu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi zenye pesa, kwamba mama anataka unga kwanza. Hoja hiyo naiheshimu, lakini Mombasa yenyewe ilishaijibu. Miaka ya themanini, Bi Swafiya Said na Wakfu wa Aga Khan walianzisha hapa mpango wa chekechea za madrasa. Akina mama wa mtaa walifunzwa wawe walimu, zana za kuchezea zikatengenezwa kwa vifuu, mbegu na vipande vya mbao, na kamati za wenyeji zikashika uongozi. Mpango ukaenea Zanzibar na Uganda, shule zikapita 200. Haukungoja mji utajirike. Ulishika imani iliyokuwapo, kwamba mtoto lazima afunzwe, ukaiongezea ufundi.

Hatari ya kweli ninayoiona ni nyingine: mradi wa mfadhili unaokuja na fulana na bango, ukaisha mwaka wa tatu. Hata Bookstart, pamoja na umri wake, Desemba 2010 serikali ya Uingereza ilitangaza kuukatia fedha England, ikageuza uamuzi ndani ya siku chache baada ya wazazi na waandishi kupaza sauti. Wazazi walipaza sauti kwa sababu walikuwa wameuzoea kama haki. Uchambuzi wa de Bondt, Willenberg na Bus wa mwaka 2020, uliokusanya tafiti nyingi za programu za kugawa vitabu, ulikuta faida halisi isiyo kubwa sana. Hiyo inanitosha. Faida ya wastani kwa kila mtoto wa mji, mwaka baada ya mwaka, inaupita muujiza wa watoto 50 unaopigwa picha na kusahauliwa.

Bajeti ya kaunti huanza kutumika tarehe 1 Julai. Makadirio hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria inalitaka liwasikie wananchi. Wazazi wa Kizingo, wa Mji wa Kale, wa Majengo na Tudor, nendeni kwenye vikao hivyo na watoto wenu mapajani, na muombe vitu hivi: kitabu kimoja cha Kiswahili kwa kila mtoto anayechanjwa miezi 9 na kingine miezi 18, mkutubi mmoja wa watoto wachanga kwenye kliniki za kaunti, asubuhi mbili za jamvi maktaba, na tuktuk ya vitabu Mama Ngina kila Jumapili. Daini jibu lenye tarakimu, kisha mwakani mrudi muulize zimetumikaje.